Mwanamume wa Jumapili

Tangu ahamie kwenye chumba chake, Bi Pasi alikuwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi.

Pale kwa dobi alikofanya kazi, wasichana walishaiona. Alikuwa akinyoosha mashati ya watu huku anaimba chini chini, na alipoulizwa kulikoni alijibu kwamba mvuke wa pasi umempanda kichwani. Walicheka, hawakumwamini. Wao ndio waliompa jina hilo la Bi Pasi, maana hakukuwa na mtu mwingine mle ndani aliyeweza kuituliza kola ya shati ikatulia kama yeye, na jina lilipotoka dukani likamfuata mpaka nyumbani.

Alikuwa mwanamke wa hamsini na kitu, mnene kidogo, mwenye sauti nzito na vidole vyenye makovu madogo madogo ya moto. Ndoa yake ilivunjika zamani. Mume hakuwa mlevi wala hakuwahi kumnyanyulia mkono, ndiyo maana watu hawakumwelewa alipoondoka. Alikuwa mtu wa kuuliza tu. Umetoka wapi, ulikuwa na nani, mbona umecheka, mbona umenyamaza. Baada ya talaka alirudi kwa kaka yake mkubwa, akalala chumba kimoja na watoto wa kike wa kaka yake, na humo humo akamlea binti yake wa pekee mpaka binti akaolewa, akaenda kuishi mbali.

Siku alipotangaza kwamba amepanga chumba, kaka yake aliweka gazeti chini. Mwanamke wa heshima, alisema, hutoka kwa wazazi akaenda kwa mume, na akitoka kwa mume hurudi kwa ndugu. Hapo katikati hakuna chumba. Wifi yake akakazia kwamba watu watasema. Bi Pasi akawajibu kwamba watu walikuwa wakisema tangu yeye hajazaliwa, akabeba godoro lake akaenda.

Kilikuwa chumba kimoja cha ghorofani, juu ya duka la vipuri, chenye dirisha la barabarani na mlango wenye kufuli jipya alilolinunua mwenyewe. Siku za mwanzo aliufungua na kuufunga ule mlango bila sababu, kama mtoto aliyepewa filimbi.

Fundi Baridi aliingia maishani mwake kwa sababu ya friji. Alikuwa mrefu, mabega yameinama kwa kuchungulia mashine za watu, mwanamume aliyefiwa na mke bila ya kujaliwa mtoto. Alimuuzia Bi Pasi friji kuukuu aliyoifufua kwa mikono yake, na wiki iliyofuata akaja kuangalia kama inagandisha. Ilikuwa inagandisha. Akaja tena Jumapili nyingine kuangalia kama bado inagandisha. Mwishowe Bi Pasi akamwambia aketi tu, aache kuisingizia friji ya watu ugonjwa.

Basi Jumapili zikawa zao. Alikuja mchana na matunda kwenye mfuko wa karatasi, wakala, wakacheza karata, wakabishana juu ya nani kaiba. Mara nyingine Baridi alilala usingizi mkekani na Bi Pasi akakaa dirishani akimtazama, akistaajabu jinsi mtu mzima anavyoweza kulala mbele yako bila wasiwasi wowote. Ilikuwepo siku mlango ulipofungwa na pazia likashushwa. Hilo halimhusu mtu. Jioni alimsindikiza mpaka kona, akarudi peke yake akipanda ngazi taratibu, na chumba kikampokea.

Mambo ya namna hiyo hayafichiki. Wifi yake alilipata jambo hilo sokoni, akalifikisha nyumbani likiwa limetiwa chumvi ya kutosha. Binti yake akapiga simu. Alizunguka sana, akauliza habari za miguu na habari za kazi, kisha akalitoa.

"Mama, kwa umri wako huo? Mimi mama mkwe wangu ananiuliza, na mimi sina la kumjibu."

Bi Pasi alimwambia amjibu kwamba mama yake hajambo. Lakini alipokata simu alikaa muda mrefu ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Maneno ya kaka aliyazoea. Haya ya mtoto aliyemzaa mwenyewe yalikuwa na njia yao ya kuingia.

Ndipo kaka akaita kikao.

Bi Pasi alipoingia sebuleni kwa kaka yake Jumapili iliyofuata, aliwakuta watu watatu aliowatarajia na mmoja ambaye hakumtarajia. Kaka alikuwa kwenye kiti chake kikubwa. Baba yao mdogo, mzee aliyekula chumvi nyingi na kusikia kidogo, alikuwa kando ya dirisha. Wifi alikuwa akipanga vikombe. Na kwenye ncha ya kochi, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari, aliketi Baridi. Alikuwa amevaa koti la kuazima, mikono ya koti mifupi, viwiko vimekunjamana. Alipomwona Bi Pasi alitabasamu kwa aibu, na Bi Pasi akajua kwamba ameitwa kwa mlango wa nyuma, na kwamba amekuja kwa moyo mmoja.

Kaka hakupoteza muda. Alieleza kwa adabu, kwa maneno yaliyonyooka, kwamba familia yao haina desturi ya kuonekana madirishani. Kama fundi ana nia, aseme. Kama hana, njia aliyokuja nayo anaijua. Bi Pasi alijiandaa kusikia ugomvi. Alikuwa amekuja na majibu yake yote, ameyapanga tangu asubuhi.

"Nina nia," Baridi alisema. "Mkinikubalia, niko tayari hata leo."

Chumba kizima kikashusha pumzi. Uso wa kaka ulifunguka kwa namna ambayo dada yake hakuwa ameiona miaka mingi. Baba mdogo aliomba arudiwe maneno, akarudiwa, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Wifi alifuta macho kwa ncha ya kanga. Na hapo wakaanza kupanga. Bi Pasi arudishe ufunguo kwa mwenye nyumba, arudi hapa nyumbani, aolewe akitokea kwenye mlango wa heshima. Kisha ahamie kwa Baridi, ambako kuna vyumba viwili na ua. Baridi naye, kwa furaha, akaongeza kwamba mkewe hatasimama tena juu ya pasi ya watu. Atapumzika. Kaka alilipenda sana neno hilo, akalirudia: atapumzika.

Bi Pasi alikuwa akiwatazama midomo. Walikuwa watu wema, wote, na kila mmoja alikuwa akimpa kitu alichoamini ni kizuri. Alihisi kama shati lililolazwa mezani, huku mmoja ameshika mkono wa kulia na mwingine wa kushoto.

Mwisho baba mdogo akakumbuka kuuliza kwa ajili ya kukamilisha, na mwenyewe anasemaje.

"Naomba nizungumze naye kwanza," alisema Bi Pasi. "Sisi wawili."

Kaka akauliza kuna nini tena cha kuzungumza. Lakini Bi Pasi alikuwa ameshasimama.

Walitembea mpaka chumbani kwake. Baridi alikuwa bado na furaha, alikuwa akisalimia watu njiani wasiomjua. Walipofika, Bi Pasi alimpa kiti, akamimina maji, akakaa kitandani mkabala naye.

"Umekasirika kwa sababu sikukwambia," Baridi alianza. "Kaka yako alinipigia jana. Nikasema acha niende, nimalize. Nilidhani utafurahi."

"Nimefurahi. Sijawahi kusimamiwa hivyo na mtu."

"Basi?"

"Basi sitaki."

Baridi aliweka glasi chini. Hakuiweka vizuri, maji kidogo yakamwagika, na hakuna aliyeyafuta.

Bi Pasi alisema polepole, maana alikuwa hajawahi kulisema jambo hili hata peke yake. "Nilipokuwa na mume, nikichelewa kidogo tu nilianza kutunga maneno njiani. Na yalikuwa ya kweli. Nilikuwa nimetoka kazini, au nimekutana na jirani, basi. Lakini nilikuwa nayatunga, nayajaribu mdomoni, naona kama yanakaa. Nimetembea barabara nyingi hivyo. Nilipohamia hapa, siku moja nilichelewa sana, nikajikuta nimefika mlangoni sina neno lolote mdomoni. Nilisimama pale ngazini nikalia."

"Mimi siyo yeye, bibie."

"Najua. Ungekuwa yeye, kazi yangu ingekuwa rahisi."

"Mimi sitakuuliza umetoka wapi."

"Hutauliza. Lakini leo umeniachisha kazi mbele ya kaka yangu, na hukuona kama umefanya kitu."

Baridi alikuwa mtu mwaminifu, na uaminifu wake ulionekana sasa, maana alilifikiria.

"Hilo nimekosa," alisema. "Nalirudisha. Ufanye kazi mpaka uchoke mwenyewe. Nini kingine?"

"Chumba."

"Chumba hiki?" Alitazama huku na huku, ukuta uliopauka, jiko la mezani, kamba ya nguo. "Bibie, kwangu kuna vyumba viwili."

"Usicheke. Kuna siku nilikula chakula cha jioni kwenye sufuria, nimesimama hapo. Nikaenda kulala jua halijazama. Hakuna aliyeniuliza naumwa nini. Nililala katikati ya kitanda, mikono huku na miguu kule. Kwa wengine hayo siyo maisha. Mimi niliona nimepata kila kitu. Halafu ukaja wewe, nikaona kumbe kulikuwa na nafasi ya kuongeza. Nataka uje. Nataka Jumapili ifike, nikusikie ngazini. Ndivyo nilivyotaka iendelee."

"Na watu?"

"Watu wameniona nimeolewa, wameniona nimeachwa, wameniona nalala na watoto kama yaya. Hayo yote walisema ni heshima."

Baridi aliinamisha kichwa, akawa anazungusha kifungo cha koti la watu. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mimi pia nakula kwenye sufuria nimesimama. Miaka sasa. Wewe unaona raha. Mimi nikimaliza naosha sufuria, halafu nabaki pale pale, natafuta mtu wa kumwambia nimeshiba." Akakiachia kifungo. "Mwaka juzi nilianguka kutoka kwenye ngazi kazini, nikalazwa. Nesi akaniuliza aitwe nani. Nikamtaja muuza duka wa jirani, ndiye niliyemkumbuka. Hakuja. Simlaumu, alikuwa na wateja. Lakini niligeukia ukutani, nikasema kimoyomoyo, nikitoka hapa sitaki tena kuwa mtu wa namna hii."

Kama Bi Pasi angenyoosha mkono wakati ule, mambo yangekwisha, wangerudi kwa kaka wameshikana, na wifi angepata kulia kwa raha zake. Mkono ulikuwa pale gotini. Hakuunyoosha.

"Unanipenda?" Baridi aliuliza.

"Nakupenda."

"Kuliko chumba hiki?"

"Usinipimie hivyo."

"Nipimie vipi? Nifundishe."

Hakuwa na la kumfundisha. Barabarani chini mtu alikuwa akipakua vyuma, vikagongana, vikatulia. Kimya kile kilimjibu Baridi kuliko alivyotaka Bi Pasi, na akamwona anakipokea, anakimeza.

"Mimi siwezi kuwa mwanamume wa Jumapili," alisema. "Nimejaribu. Usidhani sikujaribu. Jumapili zako nzuri mno, bibie. Jumatatu ndizo zinaniua."

Akasimama. Alitaka kuondoka vizuri, lakini alipojitazama aliona koti lilivyokunjamana, mgongo mzima na viwiko, akalivua akijaribu kulinyoosha kwa kiganja. Alisema kwa aibu kwamba ni la jirani, ambaye alilivaa siku ya harusi yake, na kwamba amemwahidi kulirudisha kama lilivyokuwa.

"Lete," alisema Bi Pasi.

Alitandika blanketi juu ya meza, akachomeka pasi ukutani, akangoja ipate moto. Akanyunyiza maji. Alianza na kola, kisha mabega, kisha mikono, ndani na nje, kama anavyofanya kwa nguo za wateja anaowaheshimu. Kitambaa kilikuwa duni na alikipigia pasi kama hariri. Baridi alisimama pembeni akitazama ile mikono. Mara moja tu, Bi Pasi alipogeuza koti, bega lake liligusa kifua cha Baridi, na wote wawili wakabaki hivyo kidogo, bila kuangaliana, mpaka pasi ilipoanza kunukia moto na ikabidi ainyanyue.

Akalikunja, akamwekea juu ya mkono wake. Lilikuwa na joto bado.

Mlangoni Baridi aligeuka.

"Friji ikisumbua, mwite fundi mwingine," alisema. "Usiniite mimi. Ukiniita, nitakuja."

Bi Pasi alisikiliza hatua zake mpaka chini. Kisha akachomoa pasi.

Siku zilizofuata alijikaza kisabuni. Kazini hakuimba, na wasichana, ambao hawakuwa wajinga, hawakumuuliza. Kwa kaka yake habari ilifika ikiwa imegeuka kichwa chini miguu juu: kwamba fundi ameona uzito wa jambo, amekimbia. Wifi akaja kumpa pole. Alikuja na nyama kwenye bakuli lililofunikwa, na uso wa msibani.

Ingekuwa rahisi kuiacha habari hivyo. Mwanamke aliyeachwa anahurumiwa, anapewa hata nyama. Bi Pasi alilitazama lile bakuli, akalisogeza pembeni.

"Wifi, hakunikimbia. Mimi ndiye niliyekataa."

Wifi alikaa kitini kama aliyesukumwa. Bi Pasi alingoja mvua ya maneno. Haikunyesha. Wifi alikuwa akitazama chumba, pazia, kitanda, kikombe kimoja kilichopinduliwa juu ya meza. Alikuwa mwanamke aliyeolewa akiwa msichana, akalea watoto wake na wa wengine, na katika nyumba yake mwenyewe hakuwa na droo ambayo mtu mwingine haifungui.

"Usiku huogopi?" aliuliza, sauti ya chini.

"Naogopa."

"Halafu?"

"Halafu kunakucha."

Wifi aliguna. Alikaa muda zaidi kuliko mtu aliyekuja kutoa pole, akaomba maji, akanywa, akaenda dirishani akasimama pale akitazama watu wapitao bila yeye kuonwa. Alipoaga, alijifunga kanga upya mlangoni, akakunja uso kwa makusudi, maana mumewe angemuuliza walichozungumza na ilimpasa afike akiwa amekasirika.

Jumapili ikaja, kisha nyingine. Bi Pasi alifua vitu vilivyokuwa safi. Alipanga karata peke yake, akajiibia mwenyewe, haikuchekesha. Kila hatua ngazini ilimsimamisha, na kila hatua ilikuwa ya mpangaji wa juu. Chumba kilikuwa kile kile, dirisha lile lile, na alikipenda kama zamani. Lakini sasa alijua ukubwa wake.

Akili ilimwambia aende kwenye karakana ya Baridi, amwambie amekubali. Siku moja mchana alifika mpaka kona ya karibu na karakana, akamwona kwa mbali, amechuchumaa nyuma ya friji ya mtu, akimweleza mteja jambo kwa mikono. Alikuwa amekonda. Bi Pasi alijiuliza kama akivuka barabara ile atavuka kwa sababu anamtaka au kwa sababu anaogopa Jumapili ijayo. Hakupata jibu la kumwekea mtu mwema kama yule mkononi. Akageuka.

Jumapili iliyofuata hakukaa ndani. Alivaa gauni lake la buluu, akajipaka wanja, akaenda kwenye mgahawa wa barabara kubwa ambao siku zote aliupita tu. Hakuwa amewahi kula mgahawani peke yake maisha yake yote. Wanawake wa kwao walikula mgahawani na waume zao, au na watoto, au hawakula. Palikuwa pamejaa familia. Alipoingia, meza mbili tatu zilimtazama, zikatazama nyuma yake kuona nani anafuata, na zilipoona hakuna mtu zikamtazama tena.

Mhudumu, mama wa makamo mwenye kalamu sikioni, alimpa meza ya watu wawili karibu na ukuta.

"Tumngoje mwenzio?"

"Hapana. Niko mwenyewe."

Aliagiza kuku wa kuchoma na viazi, na kinywaji baridi. Chakula kilipoletwa kilikuwa kingi na kilinukia vizuri, na bila ya kutaka, machozi yakamtoka. Hakuyaficha. Aliyafuta kwa kitambaa cha mezani, akapenga kamasi kidogo, akamega kipande cha kuku. Kilikuwa kitamu. Alishangaa kwamba kinaweza kuwa kitamu kiasi hicho wakati ule ule.

Mhudumu akarudi. Kulikuwa na familia kubwa imeingia, viti havikutosha. Aliweka mkono juu ya mgongo wa kiti kilichokuwa kitupu mbele ya Bi Pasi.

"Samahani, mama. Hiki naweza kukichukua?"

Bi Pasi alikitazama kile kiti. Hakuna mtu aliyekuwa anakuja. Alilijua hilo vizuri kama alivyolijua jina lake.

"Kiache kwanza," alisema.

Mhudumu akaenda kutafuta kingine. Bi Pasi akaivuta sahani karibu, akaendelea kula kabla chakula hakijapoa.